Shule ya serikali au ya kulipia, kaunti ya Prince George's, Marekani?

Mama Neema: Jamani, naishi Bowie, Maryland. Majirani zangu ni Wamarekani Weusi wenye uwezo: wakili, daktari, mhandisi. Kaunti yetu, Prince George's, ina Weusi wengi na kipato kizuri, ila watoto wa nyumba tatu mtaani kwangu wanasoma shule za kulipia Washington. Wangu anaanza chekechea mwakani. Mngefanyaje?

Baba Juma: Dada, shule ya kulipia wangu alikuwa Mweusi pekee darasani. Jioni moja akaniuliza kama nywele zake ni mbaya. Nilimtoa mwezi uleule, ada ikapotea.

Mama Neema: Maskini mtoto! Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Bi Asha: Mwenzangu, kaunti ina shule za serikali zinazofundisha kwa Kifaransa, nafasi kwa bahati nasibu. Omba mapema, mlango wa kuingilia ni chekechea.