Naomba ushauri: niipangeje blogu yangu, na nizisifuje blogu za wanafunzi wenzangu bila kujipendekeza?

Ukurasa Mpya (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mwanafunzi, na katika somo letu la uandishi kila mmoja ametakiwa kufungua blogu yake binafsi, kuipamba kwa namna inayomwakilisha, kisha kupita katika blogu za wenzake na kuacha maoni ambayo darasa zima litayasoma. Kazi zote mbili zina alama.

Blogu yangu ni ya uchambuzi wa vitabu. Nimeijenga kwa WordPress, programu ya kutengenezea blogu, kwa kiolezo cha bure chenye usuli mweusi na maandishi ya kijivu, ambacho kilinivutia mara nilipokiona. Juu kabisa kuna picha kubwa zinazopokezana zenyewe. Pembeni kuna kalenda, saa, lebo zote nilizowahi kutumia na orodha ya machapisho ya karibuni. Wenzangu wanaoifungua husema inapendeza, lakini nikiwauliza wameona nini katika uchambuzi wenyewe, wengi hawakufika mwisho wa aya ya kwanza.

Upande wa maoni, nikisoma tuliyoandikiana naona sote tumeandika "hongera, nzuri sana" na kupita. Ningependa kusema jambo la maana zaidi, ila sina hakika nianzie wapi, hasa kwa mwenzangu mmoja anayeandika mashairi, ambaye blogu yake naipenda kwa dhati. Naomba mnishauri.

Fundi Kurasa

Karibu jukwaani, ndugu. Jibu la swali lako la kwanza umelitoa mwenyewe: wageni wanaisifu sura na hawasomi. Blogu ya uchambuzi ni ya kusomwa, kwa hiyo anza na maandishi kabla ya mapambo.

Kijivu juu ya nyeusi si kosa, mradi tofauti ya mwanga kati ya rangi hizo inatosha. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuhusu kurasa zinazofikiwa na watu wote inataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa kama vichwa vya habari. Vivinjari vingi vina zana za wabunifu zinazokupimia uwiano huo, nawe usitegemee jicho lako, kwa sababu jicho la aliyeandika tayari linajua maneno yanasema nini. Ukubwa wa herufi usiwe chini ya pikseli 16, ambao ndio vivinjari huanza nao kwa kawaida, na nafasi kati ya mistari iwe kama mara 1.5 ya ukubwa huo. Kwenye kompyuta, usiuache mstari ukimbie kutoka ukingo hadi ukingo. Wapangaji wa vitabu kwa muda mrefu wamependelea herufi kati ya 45 na 75 kwa mstari, na sababu yao inaeleweka, kwani mstari ukirefuka mno jicho hupotea linaporudi kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata.

Picha zinazopokezana ningeziondoa leo. Miongozo hiyohiyo inataka kitu chochote kinachojongea chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 sambamba na maandishi kiwe na namna ya kukisimamisha, na sijaona violezo vingi vya bure vinavyolizingatia hilo. Zaidi ya hayo, picha iliyopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera ya simu inaweza kufika megabaiti kadhaa, ilhali ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1200 na kuhifadhiwa vizuri, kwa kawaida hubaki na kilobaiti mia chache tu. Na kila picha yenye ujumbe iandikie maelezo mbadala, ili anayetumia programu ya kusoma skrini asiachwe nje.

Saa sijui uliiweka ya nini. Kila kifaa kitakachofungua blogu yako kina saa.

Mgeni wa Jioni

Naongeza moja tu. Ifungue blogu yako kwa simu. Katika violezo vingi vya sasa, safu ya pembeni hushuka hadi chini kabisa skrini ikiwa nyembamba, kwa hiyo kalenda na lebo ulizozipanga kwa uangalifu huenda wasomaji wako wa simu hawajawahi kuziona. Badala yake weka ukurasa wa "Kuhusu" wenye aya moja inayosema wewe ni nani na unachambua vitabu vya aina gani, kisha mwonyeshe mgeni chapisho moja unaloliamini kuliko mengine, ajue pa kuanzia.

Rangi Zangu

Fundi Kurasa amesema kweli katika vipimo, lakini naogopa ushauri wa namna hii ukifuatwa hadi mwisho hutuachia blogu zinazofanana zote: usuli mweupe, maandishi meusi, safu moja katikati. Aliyepewa kazi ya kubuni blogu *binafsi* ana haki ya kuacha alama yake. Mleta mada, kama weusi ndio wako, baki nao; yafanye maandishi kuwa meupe yaliyofifia kidogo, si meupe kabisa, kwa maana meupe kabisa juu ya nyeusi huwachosha baadhi ya wasomaji. Chagua rangi moja ya viungo, yaani maneno ya kubofya yanayompeleka msomaji ukurasa mwingine, na uishikilie kila mahali. Na viungo hivyo uvipigie mstari chini, kwa kuwa wapo watu wasioitofautisha nyekundu na kijani.

Fundi Kurasa

Sina ugomvi na weusi, ndugu Rangi Zangu. Ugomvi wangu ni na saa.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu mleta mada, wenzangu wamekaa sana kwenye swali la kwanza, nami niliguswa na la pili.

"Nzuri sana" haimsaidii mtu kwa sababu inaweza kubandikwa popote. Kabla ya kuandika maoni, soma chapisho lote, kisha tafuta uamuzi mmoja ambao mwenzako aliufanya kwa makusudi, useme uliuona na ulikufanyia nini. Angalia pia usimsifu mtu kwa kazi ya mwingine: kama kiolezo ni cha bure, picha ya juu na umbo la menyu vilibuniwa na mtu ambaye hata hamumjui. Cha mwenzako ni kile alichokichagua, alichokiondoa, mpangilio wa machapisho, vichwa vyake, na maneno.

Kwa mshairi wako, kuna jambo la kutazama kwa karibu. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, mara nyingi haukai katika upana wa simu. Neno la mwisho huangukia mstari wa chini peke yake, na kina chake hupotea pamoja nalo. Tazama amelitatuaje. Tuseme ameligawa shairi, kila mshororo ukawa vipande viwili: ukwapi, kipande cha kwanza, na utao, kipande cha pili. Basi maoni yako yangeweza kusomeka hivi:

"Katika shairi lako la pili umeuweka ukwapi katika mstari wake na utao chini yake, ukausogeza utao ndani kidogo. Nimelisoma kwa simu, na vina vya kati na vya mwisho vimebaki mahali pake, hata mizani nikaisikia bila kuhesabu. Nimetamani kujua kwa nini shairi la kwanza hukulipanga hivyo."

Hapo hakuna neno "nzuri", lakini mwenye blogu atajua amesomwa. Swali la mwisho nalo lina kazi yake, kwa maana linamfungulia mlango wa kujibu.

Ukurasa Mpya (mleta mada)

Nawashukuru sana. Mwalimu, nimerudi kuitazama, na kweli amegawa baadhi ya mashairi na mengine hakuyagawa. Sikuwa nimeliona hilo. Nina maswali mawili zaidi. Mwenzangu mwingine ameweka mwishoni mwa kila uchambuzi kisanduku kidogo chenye jina la kitabu, mwandishi, na sentensi moja ya hukumu yake. Je, nikikiweka na mimi nitakuwa nimemwibia? Na la pili: nifanyeje kwa blogu ambayo, nikisema ukweli, haijanivutia?

Mgeni wa Jioni

Wazo la mpangilio, kwa ujumla, hakimiliki hailizuii. Kinacholindwa ni maneno yake, picha zake na msimbo alioandika. Ila hiyo ni sheria, na ninyi ni darasa moja; mwambie, kisha mtaje katika chapisho na uweke kiungo cha kwenda kwake. Hakuna sifa iliyo wazi kuliko mtu kukuambia hadharani kwamba amejifunza kwako. Kuhusu picha, tumia zako au zenye leseni inayokuruhusu. Zile za Creative Commons, leseni za wazi zinazoruhusu wengine watumie kazi, isipokuwa zilizoachiwa kwa wote bila masharti, zinakutaka umtaje aliyezipiga. Pia usiite picha moja kwa moja kutoka blogu ya mwenzako ili ionekane kwako, maana siku atakapoifuta kwako litabaki pengo.

Mwalimu Mstaafu

La pili nitalijibu mimi. Usitunge sifa. Tafuta hata sentensi moja katika uchambuzi wake iliyokufanya usimame, uinukuu, useme ulitaka aendelee kutoka hapo. Hilo ni kweli na ni heshima. Kama kasoro ni ya kiufundi, kwa mfano kiungo kilichokatika au maandishi yasiyosomeka kwenye simu, mwandikie pembeni, si mbele ya darasa zima, na umweleze ni ukurasa gani na ulitumia kifaa gani, ili aweze kukiona ulichokiona.