Kamati za maadili ya utafiti: zinamlinda nani hasa?

Mleta mada:
Wakuu, nianze na kisa, kisha mnipige mawe.

Mwaka 1932 idara ya afya ya umma ya Marekani ilianza kufuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama. 399 kati yao walikuwa na kaswende, na hawakuambiwa. Lengo lilikuwa kuona ugonjwa unavyomla mtu asiyetibiwa mpaka anaingia kaburini. Hata penisilini ilipothibitika kuiponya kaswende, miaka ya 1940, walinyimwa. Walipohitajika kuchomwa sindano ya uti wa mgongo ili maji yake yapimwe, barua waliyopelekewa iliita zoezi hilo matibabu maalumu ya bure.

Wengi mtasema ndiyo maana zinahitajika kamati za maadili, zinazokagua utafiti na kuupa kibali kabla haujaanza. Lakini watu walikaa kikao! Peter Buxtun, mfanyakazi wa idara hiyohiyo, alianza kulalamika 1966. Mwaka 1969 jopo la madaktari likaitishwa, likajadili, likaamua utafiti uendelee. Wanaume wenyewe hawakuulizwa. Ulisimama 1972, baada ya waandishi wa habari kuuanika.

Nami nimewahi kuwa msaidizi wa utafiti. Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa 11, muhuri wa kamati kila ukurasa. Nilimsomea mama mmoja mtu mzima mpaka mwisho. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza: “Mwanangu, nikikataa, daktari atanichukia?” Nikamrudia sentensi ya kwamba ukikataa hupotezi huduma yoyote. Akaweka dole gumba huku anamtazama daktari pale mlangoni. Kamati iliyogonga ile mihuri haikufika hata siku moja kuona ridhaa inavyochukuliwa.

Hoja yangu: kamati inakagua karatasi, mtu hakaguliwi na yeyote. Iende yenyewe, bila taarifa, ikae pembeni na kusikiliza. Na kwenye meza yake wakae watu waliowahi kuwa washiriki.

Jibu la 1:
Mleta mada, hapo kwa Tuskegee umechanganya. Lile jopo la 1969 halikuwa kamati ya maadili kama tunazozijua leo. Sheria ya Marekani iliyozilazimisha ilipitishwa 1974, na kashfa hiyohiyo ndiyo iliyoisukuma. Unalaumu kufuli kwa wizi uliofanyika kabla mlango haujawekwa.

Mtazame He Jiankui, mwanasayansi wa China, aliyetangaza 2018 kwamba watoto mapacha wamezaliwa baada ya yeye kuhariri jeni zao wakiwa viinitete. Mahakama ilimfunga miaka mitatu, na katika makosa iliyoyakuta ni kughushi hati za kamati ya maadili. Kama kibali ni karatasi tupu, alighushi ya nini?

Jibu la 2:
Dodoso langu lilikuwa na maswali tisa ya kuwahoji walimu. Kibali nilikingoja miezi saba. Hoja pekee ya kamati: nembo ya chuo haionekani vizuri. Haya, endeleeni.

Jibu la 3:
Nyote mnadhani kamati ikifanya kazi vizuri jibu litakuwa moja. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba AZT, dawa ya kupambana na VVU, ikitolewa kwa dozi ndefu inapunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Baada ya hapo, katika nchi maskini, dozi fupi na nafuu ilijaribiwa huku kundi la pili la wajawazito likipewa vidonge visivyo na dawa. Kamati zilikuwa zimeridhia. Wakosoaji walisema huku ni kuacha watoto waambukizwe wakati kinga inajulikana. Watetezi wakajibu kwamba dozi ndefu akina mama wale wasingeipata kamwe, na swali lilikuwa kama dozi fupi inashinda kutopewa kitu. Matokeo ya jaribio la Thailand, 1998, yalionyesha inapunguza maambukizi kwa nusu hivi. Mimi bado nasema wakosoaji walikuwa sahihi, ila sidhani mkaguzi wa kushtukiza angetusaidia hapo.

Mleta mada:
Jibu la 1, nimekubali kuhusu jopo, nilikwenda mbio. Jibu la 3, ndiyo maana nataka washiriki mezani: swali la kidonge kisicho na dawa aulizwe pia atakayekimeza.

Ila lile la ukaguzi siliachi. Yule mama aliacha kuja wiki ya tatu. Hakuaga, hakusema amejitoa, ingawa haki hiyo nilimsomea mwenyewe ukurasa wa nne. Kwenye ripoti iliyokwenda kwa kamati nilimjazia “hakupatikana”.