Ushauri: santuri yetu inakwaruza kwenye "s" na sindano inaruka wimbo wa mwisho

Gitaa la Kushoto
Wakuu, salama? Bendi yetu ni ya siku nyingi, roki mbadala, hii ni albamu ya sita. Mtandaoni imetoka safi, shida ni santuri. Nakala za majaribio zimefika: wimbo wa kwanza unapiga vizuri, ila kadiri sindano inavyosogea ndani, sauti ya mwimbaji inachafuka, kila "s" inageuka mkwaruzo. Wimbo wa mwisho upande B, besi ikiingia tu, sindano inaruka. Kiwanda kinasubiri neno letu kianze kubonyeza. Tubadilishe kiwanda au tubadilishe sindano?

Mzee wa Sindano
Kila upande una dakika ngapi? Na faili mlilopeleka ni lile lile la mtandaoni?

Kaseti Upande B
Toeni kaseti. Haijawahi kuruka.

Gitaa la Kushoto
Ni santuri moja ya inchi 12, mizunguko 33 kwa dakika. Sindano tunayotumia ni ya koni (ncha ya mviringo). Kiwanda kinasema hakijakosea kitu, ndiyo maana nina wasiwasi nao.

Mzee wa Sindano
Mkuu, sijauliza sindano. Dakika?

Gitaa la Kushoto
A 28, B 30. Lakini zipo albamu ndefu zilizotoka kwenye santuri moja na watu wanazipenda.

Mzee wa Sindano
Zipo, na zinapiga kwa sauti ya chini. Roki yenye besi na magitaa mazito inapumua kwenye dakika 18 hadi 22 kwa upande. Zaidi ya hapo mifereji (njia inamopita sindano) inabanwa, mkataji (fundi anayechonga mifereji hiyo kwenye sahani mama) anashusha sauti, na vumbi linasikika kuliko kinanda chenu.

Hizo "s" ni hesabu tu. Santuri inazunguka kwa kasi ileile, lakini duara la ndani ni fupi. Ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa karibu sm 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni sm 21 hivi. Wimbi moja la Hz 10,000 linapata nafasi ya mm 0.05 nje, ndani linapata mm 0.02. Ncha ya koni ina nusu-kipenyo cha takriban mm 0.018. Haiingii kwenye kona hizo, inazipanda juu juu, na huo ndio mkwaruzo. Ncha ya duaradufu, yenye ubavu mwembamba zaidi, itasaidia kwako. Wanunuzi wako utawafanyaje?

Besi Nzito
Kuruka ni ugonjwa mwingine. Sauti iliyo sawa kushoto na kulia inasogeza sindano pembeni. Tofauti kati ya pande hizo inaisogeza juu na chini. Besi mliyoitanua kwa efekti, pande zikipingana, inaupandisha mfereji hadi kina kinaisha. Sindano haina ukuta wa kuishika, inateleza. Rudini kwenye miksi, kila kitu chini ya Hz 150 kiwe mono (sawa kushoto na kulia), na mita ya uwiano, inayoonyesha kama pande hizo zinakubaliana, isikae chini ya sifuri.

Mpenda Albamu
Tatizo la bendi kongwe ni kuona kila wimbo mtamu. Nevermind ya Nirvana, 1991, ni dakika 42 na ushei, na ule wimbo uliofichwa mwishoni mwa CD haukuwekwa kwenye santuri. OK Computer ya Radiohead, 1997, ina dakika 53, ikagawanywa santuri mbili. Kid A wakaiweka kwenye mbili za inchi 10. Nyie mna nini cha ziada?

Kaseti Upande B
Ujasiri.

Mpenda Albamu
Na laka zenyewe, zile sahani laini anazochonga mkataji, si za kuchezea. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters, Banning, California, kiliungua, akabaki mtengenezaji mmoja tu duniani, Japani. Watu wakakimbilia kukata moja kwa moja kwenye shaba.

Shahidi wa Kelele
Hii ni chai. Mkataji yeyote, kabla hajagusa laka, anauliza dakika za kila upande. Dakika 30 zenye besi pana zipite kimya kimya mpaka nakala za majaribio? Pima kwa rula kutoka ukingo wa lebo hadi muziki unapoishia, uweke namba hapa, la sivyo uzi ufungwe.

Gitaa la Kushoto
Si chai. Ni mm 11.

Na aliuliza. Aliandika kabisa kwamba dakika 30 ni nyingi, besi ni pana, akapendekeza santuri mbili. Tukamjibu aendelee. Mpangilio wa nyimbo ulishatangazwa na makava ya santuri moja yameshachapwa. Msituone wajinga.

Shahidi wa Kelele
Lebo ina kipenyo cha mm 100, kwa hiyo muziki wenu unaishia mm 61 kutoka katikati. Umegusa mwisho kabisa wa eneo linaloruhusiwa. Naamini sasa. Ungeanza na hilo tusingezunguka mbuyu.

Gitaa la Kushoto
Tukitoa wimbo mmoja wa dakika 6?

Mzee wa Sindano
Zinabaki 52, yaani 26 kwa upande. Bado. Santuri mbili zinakupa dakika 14 na nusu kwa upande, na muziki unaishia mbali na lebo. Baki kwenye mizunguko 33. Kwa 45 utabanana tena.

Peleka faili la biti 24 lisilopita kwenye limita ya mwisho (kifaa cha kubana vilele vya sauti), vilele viishie dB 3 chini ya sifuri. Kukandamiza hakuongezi sauti ya santuri, mkataji ataishusha tu. Punguza "s" kati ya Hz 5,000 na 9,000 kwenye sauti ya mwimbaji peke yake, usiguse matoazi. Stempa za sasa, yaani mihuri ya chuma ya kubonyezea santuri, ni chuma chakavu, laka inakatwa upya. Usisaini kitu.

Gitaa la Kushoto
Na makava?

Besi Nzito
Mgongo wa mm 3 utazimeza santuri mbili kwa kubanana, kona zipasuke. Agizeni wa mm 5.

Gitaa la Kushoto
Nimewaandikia wasimamishe. Upande C uanze na upi, ule wa kelele au wa polepole?

Mzee wa Sindano
Wa kelele ukae nje. Wa polepole ndani.