Naomba ushauri: nieleze vipi anguko la dola ya Trebizond?

Ndugu zangu wapenzi wa historia, ninaandaa somo la saa moja kuhusu Trebizond, dola ya Kigiriki iliyokuwa kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, nami nimekwama.

Mwanzo wake haunisumbui. Mwezi Aprili 1204, Alexios na David Komnenos, wajukuu wa Kaisari Andronikos wa Kwanza wa Bizanti (Dola ya Kirumi ya Mashariki), waliutwaa mji wa Trebizond kwa msaada wa Malkia Tamar wa Georgia, mwezi uleule ambao Wapiganaji wa Msalaba waliiteka Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti.

Kinachonitatiza ni kilichofuata. Mwaka 1214 Waturuki Waseljuki waliinyakua Sinope, bandari ya dola hiyo, lakini dola ikadumu hadi 1461, miaka minane baada ya Konstantinopoli yenyewe kuangukia mikononi mwa Waturuki Waosmani, ikiishi kwa ushuru wa misafara ya biashara ya Tabriz, mji wa Uajemi, na kwa kuwaoza mabinti wa kifalme kwa watawala wa Kiturkmeni (bibi harusi akawa ngome!).

Je, nianzie kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1340 na tauni iliyofuata, au nimtazame Sultani Mehmed wa Pili wa Waosmani, aliyevuka milima na jeshi lake huku merikebu zake zikiuzingira mji kutoka baharini, hata Kaisari David, mtawala wa mwisho wa Trebizond (si yule David wa 1204), akasalimu amri? Mimi naegemea sababu za ndani, ila nahofia kumpunja Mehmed.

Tena, neno "dola rithi" (yaani dola iliyochipuka kutoka dola kubwa iliyovunjika, kama Trebizond kutoka Bizanti) linaeleweka kwa wanafunzi wa sekondari, au mna lililo bora zaidi?