Naomba ushauri: wasifu wa marehemu mama yetu

Ndugu zangu, mama yetu mpendwa, aliyeuza samaki katika soko la Feri, Magogoni, na kutusomesha sote kwa mapato hayo, alifariki dunia mwaka jana, na familia imenikabidhi kuandika wasifu utakaosomwa kwenye misa ya kumbukumbu yake hapa Dar es Salaam. Baba angependa aelezwe kwanza kama mke, kwa kuwa walivumiliana mengi. Wajukuu wanataka yatajwe maandazi yake ya alfajiri na jinsi alivyowafundisha kusali Rozari, mambo ambayo binafsi naona yana uzito kuliko orodha ya tarehe. Je, wasifu wa dakika chache ubebe yote haya, au baba na wajukuu wapewe nafasi ya kuzungumza wenyewe?