Mama amepasuliwa tumbo, usiku halali kwa maumivu. Nimsaidieje?

Binti_Mkubwa: Habari wakuu. Mama bado amelazwa baada ya upasuaji wa tumbo. Mchana anaongea vizuri, usiku maumivu yanapanda, hapati usingizi, na kukicha kidonda kinamuuma kuliko jana. Nimwombee daktari dawa ya usingizi?

Nesi_wa_Zamu: Pole sana dada. Asiyelala huhisi maumivu makali zaidi kwa kidonda kilekile, na maumivu nayo yanamfukuzia usingizi. Kwa hiyo waambie wauguzi kwamba halali, wasisikie habari za maumivu peke yake.

Dawa ya usingizi usimpe kabisa kwa uamuzi wako. Kama anatumia mofini (dawa kali ya maumivu) au dawa za jamii yake, zikikutana zinaweza kufifisha pumzi hadi hatari. Na kama huwa anakoroma na pumzi kukatika akilala, daktari ajue leo hii.

Kwanza uliza dawa ya maumivu ya jioni anapewa saa ngapi. Ikiisha nguvu saa nane usiku, lazima ataamka. Parasetamoli ikiandikwa kila baada ya saa 6, apewe kwa saa yake bila kusubiri mpaka alie. Uliza pia kama hali yake inaruhusu kupimwa presha na joto na kupewa dawa za usiku vifanywe kwa mkupuo mmoja, asiamshwe kila mara.

Mzee_Tulivu: Mimi nilipopasuliwa, kelele ndizo zilinimaliza. Shirika la Afya Duniani linashauri wodi isizidi desibeli 30 usiku, lakini mlio wa mashine moja tu unapita hapo. Mtafutie vizibo vya masikio na kitambaa cha kufunika macho. Mchana mwache alale afidie.

Nesi_wa_Zamu: Hapo kwenye mchana sikubaliani nawe mzee wangu. Kausingizi kafupi sawa, lakini akilala kutwa usiku atakesha. Pazia lifunguliwe, aketi kitini, atembee kadiri alivyoruhusiwa.

Binti_Mkubwa: Asanteni mno. Na kikohozi? Akikohoa anashtuka kwa uchungu.

Nesi_wa_Zamu: Akumbatie mto, aukandamize taratibu juu ya kidonda anapokohoa, ila asikizuie kikohozi, kinasafisha mapafu. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo, magoti yakunjwe kiasi, tumbo lilegee.

Ila maumivu yakizidi ghafla, au akipata homa, tumbo kukaza, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba, usihangaike na mito. Mwite muuguzi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.