Naomba ushauri: fizikia ya chembe na C++

Habari zenu wakuu. Nimemaliza uzamili wa fizikia, sasa nachambua data huria za 2012 za CMS, jaribio la pale CERN (maabara ya fizikia ya chembe, Geneva). Kwa ROOT (programu ya CERN ya kuchambua data) nimechora tungamo za jozi za myuoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi), na kilele cha chembe Z kimesimama vizuri karibu na GeV 91, kipimo cha tungamo za chembe (raha yake acha tu!). Ila laptop inakwama faili zikiwa kubwa, nasoma vipande vipande.

Nimeomba nafasi za uzamivu Ulaya. Wengi kimya, aliyejibu anataka mtu wa lugha ya programu ya C++, mimi nimezoea Python.

Je, nikomae kwanza na C++, au Python na uproot (maktaba ya Python ya kusoma faili za ROOT) vinatosha? Na waliopita huko: ukishika zaidi programu za jaribio, bado unahesabika mwanafizikia unapotafuta kazi?